Mmekata mkwaju, nimepoteza kaburi la mama: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya makaburi Tanga

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya makaburi na miti ya mji,
Tanga.

YAH: KUKATWA KWA MITI YA MAKABURINI NA KUPOTEA KWA MAKABURI YA WAZEE WETU

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum, na kwenu msio Waislamu, poleni na kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa hapa hapa Tanga, na hii ni barua yangu ya nne kwenu. Tatu za kwanza nilizileta kwa mkono wangu mwenyewe, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi nyumbani kungoja. Kwa ya kwanza niliambiwa mhusika yuko safarini. Kwa ya pili niliambiwa faili halionekani. Kwa ya tatu sikuambiwa kitu. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa huambiwa faraghani kwanza, na nimefanya hivyo mwaka mzima. Sasa naandika mbele za watu, kwa heshima ile ile.

Nianze na kilichonipata. Shaaban ya mwaka jana nilikwenda kuzuru kaburi la mama pamoja na mjukuu wangu. Mama amelala chini ya mkwaju ule mkubwa wa karibu na ukuta wa upande wa bahari, hatua saba kutoka shinani. Kaburi lake halina maandishi. Mwenyewe alitaka hivyo, na wengi wa rika lake walitaka hivyo hivyo: udongo, kijiwe kichwani, kijiwe miguuni, basi. Tulipofika, mkwaju haukuwepo. Palikuwa na kisiki kilichokatwa kwa chenso, unga wa mbao umetapakaa juu ya makaburi, na njia ya matairi ya lori imepita katikati. Vijiwe vingine vilikuwa vimedidimizwa, vingine vimesukumwa pembeni na kurundikwa pamoja na matawi.

Nikaanza kuhesabu hatua. Saba kutoka kwenye kisiki, lakini kuelekea wapi? Miaka yote nilikuwa naanzia kwenye mzizi mmoja uliojitokeza juu ya ardhi kama goti la mtu aliyekaa, na mzizi ule ulikuwa umeng'olewa. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, mama yako yuko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Mrehani niliokuja nao niliugawa katika makaburi matatu, kwa sababu sikujua lipi ni la mama yangu, na Yasini nikaisoma nimesimama katikati yao.

Kabla ya kutoka nilizunguka eneo lote. Nilihesabu visiki kumi na kimoja.

Huenda baadhi yenu mmehamia Tanga karibuni na hamjui makaburi yale ni mahali gani. Ruhusuni niwaeleze. Ndani ya ukuta ule kuna mbuyu, mikwaju, mizambarau, mitondoo, mikungu, miarobaini, msufi, na upande wa Wakristo kuna mivinje na miembe. Miti hiyo yote huikuti pamoja mahali pengine mjini. Mingi ilipandwa na wafiwa. Wazee wetu walishika ile habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyepita penye makaburi mawili akachukua kuti bichi, akalipasua, akachomeka kipande juu ya kila kaburi, akitaraji kwamba waliomo watapunguziwa adhabu maadamu vipande vile havijakauka. Kwa hiyo mtu akizikwa, jamaa walipanda kitu kibichi. Wenye imani nyingine nao walipanda wa kwao. Hivyo ndivyo bustani ile ilivyoota, kaburi moja baada ya lingine, bila mchoro wa mhandisi.

Nilipokuwa nafundisha Baiolojia niliwapeleka wanafunzi wangu Amani, wilayani Muheza, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Watoto walistaajabu kuona miti ina vibao vya majina kama watu. Mmoja akauliza mbona ya makaburini kwetu haina. Tulirudi, tukaomba ruhusa kwa watangulizi wenu, tukapewa kwa maandishi. Karatasi ile ninayo. Tulikata mabati ya madebe, tukaandika kwa rangi ya mafuta jina la Kiswahili, jina la Kidigo au Kibondei pale wazee walipolikumbuka, jina la kisayansi, na nchi mti ulikotoka. Vibao tulivifunga kwa waya uliolegezwa ili shina lipate kunenepa. Hatukupigilia hata msumari mmoja. Tangu hapo watu walikuja kuwazuru wafu wao, na wakitoka wamejifunza kwamba mwarobaini asili yake ni Bara Hindi, na kwamba mvinje huishi kwenye mchanga usio na rutuba kwa sababu mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Shule zilileta watoto. Wageni waliopita mjini waliomba kuonyeshwa. Mimi mwenyewe niliwatembeza, na kila mara nilianza kwa kuwaomba wavue kofia na wapunguze sauti.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Miti ile ndiyo daftari letu la wafu, nanyi mmelichana.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo naona halijaeleweka kabisa. Makaburi yaliyo mengi pale hayana jina lililoandikwa. Kwa miaka mingi aliyejua nani yuko wapi alikuwa mzee mmoja mchimba makaburi. Hakujua kuandika, lakini hakuwahi kukosea. Alitumia miti. Ungemwendea ukamtajia jina la babu yako, angefumba macho kidogo kisha akuambie, "Yule yuko mzambarau wa pili, upande wa machweo, anatazamana na mtoto wa fundi cherehani." Mtu aliyeondoka Tanga kijana akarudi mzee alipelekwa moja kwa moja hadi kwa mama yake. Nimeyaona hayo kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na nimewaona watu wazima wakilia pale.

Mzee yule amefariki, naye amezikwa mle mle, chini ya mwarobaini alioupanda mwenyewe. Alipokufa, familia ziliendelea kwa kurithishana: baba alimwonyesha mtoto mti, mtoto akamwonyesha mkewe. Mkwaju huishi miaka mia na zaidi, kwa hiyo ni alama ya kutegemewa kuliko kibao cha mbao kinacholiwa na mchwa. Mlipoangusha miti kumi na moja, hamkupoteza kivuli peke yake. Kwa kila mti kuna familia kadhaa ambazo leo zikija zitasimama kama nilivyosimama mimi, zikigawa maua kwa kubahatisha.

2. Hatukuulizwa, na bado hatujaambiwa.

Nchi hii ina sheria ya kuhamisha makaburi tangu mwaka 1969, nayo inataka wahusika wapewe taarifa kabla kaburi halijaguswa. Mtasema hamkuhamisha kaburi lolote. Lakini lori lenye magogo lililopita juu ya vijiwe limeyahamisha makaburi machoni petu, kwa maana hatuyapati tena. Tangazo moja msikitini siku ya Ijumaa na moja kanisani Jumapili lingetosha tuje tuweke alama.

Nimeuliza mambo matatu kwa maandishi: nani aliidhinisha, kwa sababu gani, na magogo yalikwenda wapi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa siku 30 za kujibu. Siku hizo zimepita mara nyingi. Simtuhumu mtu wizi. Nauliza tu, kwa sababu mkwaju ni mti mgumu wenye soko, na mti uliokua juu ya wazee wetu si kuni za mtu binafsi.

3. Iliyobaki inauawa polepole.

Miarobaini mitatu imechunwa gome na watafuta dawa. Kuchuna kipande kidogo upande mmoja mti huvumilia. Hii imechunwa kuzunguka shina lote. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia sehemu ya ndani ya gome. Ukilikata pande zote, mizizi hufa njaa hata kama juu bado unaona majani mabichi. Mmoja umeshakauka. Isitoshe, taka zinazofagiliwa huchomwa kwenye shina la msufi kila wiki, na upande mmoja wa shina umekuwa mkaa. Watoto wa darasa la tano wangewaeleza mwisho wake.

4. Vibao vyetu vimeng'olewa, na badala yake miti imepigiliwa misumari ya matangazo ya waganga, vyumba vya kupanga na mikopo. Tangazo la mkopo limepigiliwa juu ya kaburi la watu.

5. Lango la upande wa barabara ndogo limefungwa kufuli. Wazee wanaotembelea fimbo sasa wanazunguka ukuta mzima juani. Hakuna aliyeeleza sababu.

Waheshimiwa, nimekaa ofisi za umma kiasi cha kujua majibu yatakayotolewa. Naomba niyajibu mapema.

Mtasema mizizi inabomoa makaburi. Ni kweli kwa makaburi ya saruji yaliyojengwa kuukumbatia mti, na hayo ni machache. Makaburi ya udongo hayana cha kubomoka. Mizizi mingi inayolisha mti hutambaa karibu na uso wa ardhi, na mwanandani anamolazwa maiti uko chini yake. Dawa ni kuacha kuchimba kaburi jipya shinani, jambo ambalo mzee yule alilizingatia maisha yake yote.

Mtasema matawi yataangukia watu. Hoja hii naiheshimu, maana kusi likivuma mwembe mzee na msufi huangusha matawi. Lakini mkwaju unajulikana kwa kustahimili upepo mkali kuliko miti mingi, na ndio mlioukata. Tawi kavu la mwembe linaloning'inia juu ya njia wanayopita wabeba jeneza bado liko pale pale, na nililitaja katika barua yangu ya kwanza. Kama usalama ndio uliowasukuma, anzeni na tawi lile. Linaweza kupunguzwa kabla ya masika kwa kazi ya asubuhi moja.

Mtasema wahuni wanajificha. Wanajificha hata nyuma ya ukuta, na hakuna aliyependekeza ukuta ubomolewe.

Mtasema nafasi ya kuzikia imekwisha. Hilo ni kweli na ni zito, na litahitaji ardhi mpya nje ya mji. Lakini chini ya miti mliyoikata pamekwishajaa watu. Hakuna kaburi jipya litakalochimbwa pale bila kufukua la zamani. Kwa hiyo mti umeondoka na nafasi haikupatikana.

Mtasema mmekwisha panda mingine. Nimeiona miche ya ashoki kando ya njia kuu. Ni mti mzuri wa kupamba, unakwenda juu umebana kama mshumaa. Hauna kivuli cha kumstiri mtu anayesoma khitma saa nane mchana mwezi wa Januari, na mti wa aina moja uliopangwa mstari hauwezi kumwonyesha mtu kaburi la nani liko wapi, kwa sababu yote inafanana.

Na mtasema hakuna fungu. Vibao vya kwanza havikuigharimu serikali hata shilingi. Wanafunzi wangu wa wakati ule leo ni mafundi, wauguzi, madereva wa malori, na wawili ni walimu kama mimi. Nimekwisha zungumza nao. Wako tayari.

Nisingependa mfikiri ninaomba jambo geni. Hapa hapa Tanga wamelala askari waliokufa katika mapigano ya Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao waliletwa kutoka India, hawakuwahi hata kuujua mji. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, hadi leo ndiyo yenye dhamana ya kuwatunza. Na hata kabla ya vita ile kwisha, Waingereza walimwita Arthur Hill, mtaalamu wa mimea kutoka bustani za Kew, ashauri nini kipandwe juu ya makaburi ya askari wao. Walijua kwamba kinachoota juu ya kaburi ni sehemu ya kaburi. Nafurahi kwamba wageni wale wanatunzwa, maana nao wana mama zao. Ninachouliza ni kwa nini mama zetu sisi wapitiwe na lori.

London kuna makaburi ya Abney Park, yaliyofunguliwa mwaka 1840. Yalipandwa aina 2,500 za miti na vichaka, zikapangwa kwa mfuatano wa alfabeti kuzunguka eneo lote, hata anayekwenda kuzika apite akisoma. Baadaye kampuni iliyoyamiliki ilianguka, mahali pakageuka pori, na watu wa mtaa ndio waliosimama kidete kupaokoa. Lakini sina haja ya kwenda mbali hivyo. Vukeni mpaka wa Horohoro mwingie Kwale, Kenya. Ndugu zetu Wadigo wa upande ule wana Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Mwaka 2008 kundi la misitu hiyo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika misitu ya kaya kuna makaburi ya wazee. Pale Kinondo mgeni hufungwa shuka nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, huambiwa asiondoke na chochote, na mwenyeji humwonyesha mti mmoja mmoja na kumweleza matumizi yake. Heshima kwa wafu na elimu ya miti vinakaa pamoja bila kugombana. Wadigo ni wale wale, huku na kule. Lililowezekana Kinondo linawezekana Tanga.

Mbuyu wetu haukuguswa, na sote tunajua sababu: wakataji waliogopa. Namshukuru Mungu umesalimika. Lakini inaniuma kwamba hofu ya mashetani ndiyo iliyofanya kazi ambayo heshima kwa marehemu ilishindwa kuifanya.

Ninachowaomba ni hiki:

a) Ukataji usimame leo, na mti wowote usikatwe tena makaburini bila tangazo la siku 30 langoni, misikitini na makanisani.

b) Mtujibu kwa maandishi maswali yale matatu: idhini, sababu, na magogo.

c) Visiki kumi na kimoja visichimbuliwe. Kwa sasa ndivyo pekee vinavyotusaidia kupima. Mtupe siku mbili za mwisho wa wiki, familia zije na wazee wao wenye kumbukumbu, tupime hatua kutoka kila kisiki, tuweke alama na tuandike majina katika daftari litakalokuwa na nakala tatu: ofisini kwenu, msikitini na kanisani. Jambo hili halisubiri. Waliobaki na kumbukumbu ni wa umri wangu na zaidi, na kila mwezi tunazika mmoja wao.

d) Mtu anayejua kazi yake akague miti iliyobaki, apunguze matawi makavu, na uchomaji taka mashinani upigwe marufuku.

e) Mturuhusu kurudisha vibao, kwa gharama yetu.

f) Lango dogo lifunguliwe.

Nimechora ramani ya makaburi yale kwa mkono, kwa kadiri ninavyoikumbuka, pamoja na kila mti uliokuwepo tulipofunga vibao. Nakala nimeiambatisha kwenye barua hii. Mkitaka kuja kujionea, nitawatembeza siku na saa mtakayochagua.

Jambo la mwisho ni langu binafsi. Zamani nilikuwa nikiokota makwaju ya mti ule ili wanafunzi wajifunze kuotesha mbegu, na nyumbani kulibaki kopo lenye mbegu chache. Baada ya Shaaban ile niliziloweka usiku kucha, nikazipanda kwenye mifuko ya maziwa. Miche mitatu imeota na sasa inafika magotini kwangu. Naomba ruhusa ya kuupanda mmoja pembeni ya kisiki, kwa vipimo mtakavyoona vinafaa. Masika inaanza Machi. Naomba nipate jibu kabla ya mvua ya kwanza.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga